Presi ya haidroli: wanayosema na tunayoyaona

Tangu tulete presi ya haidroli, mashine inayokandamiza chuma kwa shinikizo la mafuta, kwenye karakana yetu ya uhunzi hapa Ngamiani, Tanga, nasikia kila siku: "Sasa nyundo mtaiweka makumbusho." Si kweli. Presi hurefusha kipande kinene cha springi ya lori kwa mikandamizo michache, kazi ambayo kwa mkono ingetutoa jasho. Ila ncha na makali ya panga bado ni fuawe na nyundo, kwa sababu chuma kikishakuwa chembamba, meno baridi ya presi, yaani vyuma vyake vinavyobana, hukinyonya moto mara moja.

Wengine hudhani presi haijali chuma kina moto kiasi gani. Inajali mno. Toa springi ikiwa na rangi ya machungwa yaliyoiva, ikandamize sekunde moja au mbili, achia. Ukiing'ang'ania, pale ilipobanwa utaona rangi inazama hadi damu ya mzee. Irudishe tanurini, ukilazimisha, unatafuta ufa. Ndiyo maana jeki ya mkono ya gari haifai: nguvu inazo, lakini chuma hupoa ikiwa bado inapanda.

"Nguvu za tani 20 zinamaliza kila kitu." Inategemea zinaangukia wapi. Kwenye sentimita 10 za mraba, kila sentimita inabeba tani 2. Zitawanye kwenye 40, inabaki nusu tani, na chuma hakisogei. Tumia meno membamba kwanza, bapa baadaye.

Ati kukandamizwa ndiko kunakokipa kisu ugumu? Hapana, ugumu huja kwa kukichovya kikiwa cha moto.

Dhana ninayoiogopa kuliko zote ni kwamba presi ni salama kwa kuwa haina kelele za nyundo. Mpira wake unaopitisha mafuta ukitoboka tundu la sindano, mafuta hutoka kwa shinikizo linalopenya ngozi. Jeraha huonekana kama la mwiba, pengine lisiume mwanzoni, na bado likagharimu kidole. Aliyepatwa akimbizwe hospitali saa ileile, hata kama anasema hajambo. Tena mafuta ya kawaida ya haidroli hushika moto, kwa hiyo mipira yetu tumeikinga kwa bati upande wa tanuri.

Juzi kijana wetu aliona unyevu kwenye mpira, akanyoosha kidole apapase. Nilimdaka mkono, tukazima mota, tukashusha shinikizo lote, ndipo tukaufungua.