Presha, sukari na dawa za jikoni: maswali ya Tanga

Majibu haya ni ya mtu mwenye maradhi ya muda mrefu anayetaka kujisaidia kwa chakula na dawa za asili zinazouzwa Mgandini na Ngamiani, mjini Tanga: uwatu, choya (rozela), kitunguu thomu, mdalasini. Kadhaa kati ya hizi zinafanya kazi kweli mwilini. Kwa sababu hiyohiyo zinahitaji kipimo na tahadhari, kama kidonge chochote.

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58. Presha yake ilikuwa 158 kwa 96, akaanzishiwa amlodipini. Sasa anatafuna kitunguu thomu kila asubuhi na kunywa choya, na juzi amepimwa akakutwa na 128 kwa 80. Aache vidonge?

Jibu: Marahaba. Asiache. Hiyo 128 imeletwa na vyote kwa pamoja, na fungu kubwa ni la kidonge. Choya ina nguvu yake: katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2010, waliokunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita walishuka takriban pointi 7 kwenye namba ya juu. Kwa mtu wa 138 huo ni msaada wa kutosha. Kwa mtu wa 158 bado anabaki juu ya 140, na palepale ndipo hatari ya kiharusi na figo ilipo.

Kuna mtego mwingine. Amlodipini hukaa mwilini siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Mama akiacha leo, kesho na keshokutwa kipimo kitakuwa kizuri, naye ataapa kwamba amepona. Presha itarudi polepole, na haiumi kichwa wala popote, kwa hiyo hatajua mpaka apimwe.

Choya aendelee nayo: kijiko kimoja cha chakula cha maua makavu kwenye kikombe cha maji yaliyochemka, afunike dakika 10, achuje, anywe bila sukari. Ile ya barafu inayouzwa mitaani ni sukari yenye rangi nyekundu. Mjamzito asitumie choya kama dawa. Kitunguu thomu, punje moja au mbili kwa siku zinatosha. Aziponde kisha aziache dakika 10 kabla ya kula au kupika, maana kile kinachosaidia hutengenezwa baada ya punje kupondwa. Ukiitupa nzima kwenye mafuta ya moto, unabakiwa na ladha tu. Kama anameza aspirini au warfarini, dawa za kuzuia damu kuganda, punje nyingi kila siku huongeza hatari ya kutoka damu. Akipangiwa upasuaji amwambie daktari mapema, na kwa kawaida huambiwa aache wiki moja au mbili kabla.

Akitaka kupunguziwa dozi, njia ipo. Apime asubuhi na jioni kwa wiki mbili na kuandika kwenye daftari: akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunjwa, mkono juu ya meza usawa wa moyo, apime mara mbili akiacha dakika moja katikati. Asipime akitoka kunywa kahawa. Daftari hilo alipeleke kliniki, iwe Hospitali ya Bombo au kituo cha afya cha karibu, na daktari ndiye atakayepunguza.

Swali: Chumvi ya mezani nimeacha zaidi ya mwezi. Mbona presha haishuki?

Jibu: Kwa sababu chumvi nyingi haiko mezani, iko sufuriani. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa vyakula vyote. Hesabu rahisi ni hii: nyumba ya watu watano, pakiti ya gramu 500 isiishe kabla ya siku 20. Na hapo hujahesabu papa mkavu, ng'onda, achari, mkate wa dukani na vile vipande vya supu vinavyotiwa kwenye mchuzi. Kama pakiti yenu inaisha kwa siku 10, mmeshajua kosa liko wapi.

Papa na ng'onda waloweke usiku kucha, ukimwaga maji na kuweka mengine mara mbili au tatu, kisha usitie chumvi tena kwenye tui. Ukitia kipande cha supu, chumvi iondoe kabisa. Ndimu, ukwaju, tangawizi na pilipili hufidia sana, ingawa wiki mbili za mwanzo chakula kitaonekana kimepooza. Ulimi huzoea.

Wengine hubadilisha chumvi ya pakiti kwa ile ya mawe ya mashamba ya chumvi ya hapa pwani, au ya waridi kutoka nje, wakisema ni ya asili. Kwenye presha hakuna tofauti. Tena ile isiyotiwa madini joto inakukosesha kinga ya tezi ya shingo.

Angalia pia dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa kila siku hupandisha presha na kuumiza figo, na watu wengi hawazitaji kliniki kwa kuwa wamejinunulia wenyewe dukani.

Swali: Nina sukari, natumia metformini na glibenklamidi. Nimeambiwa uwatu, mdalasini na asali vitanimalizia ugonjwa.

Jibu: Hakuna kati ya hivyo kinachomaliza kisukari. Uwatu unasaidia kiasi. Kijiko kimoja cha chai cha mbegu, kama gramu 4, loweka usiku kwenye nusu glasi ya maji. Asubuhi kunywa maji na utafune mbegu zenyewe. Wengi huchuja na kutupa mbegu, na hapo wametupa dawa: nyuzi zake hugeuka ute tumboni, ute ule hupunguza kasi ya wanga kuingia kwenye damu. Ute huohuo unaweza kuchelewesha vidonge, basi acha saa moja au mbili kati yake na dawa. Tumbo likijaa gesi au ukiharisha, rudi nusu kijiko. Anayedhurika na karanga aukwepe, na mjamzito asiutumie kama dawa.

Hatari yako kubwa iko kwenye glibenklamidi. Yenyewe hushusha sukari hata usipokula. Ukiongeza uwatu na ukaruka mlo wa mchana, sukari inaweza kuanguka. Jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa: pima. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, au huna kipimo, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji unywe, upime tena baada ya dakika 15, kisha ule chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Mdalasini ushahidi wake unapishana. Mwingi unaouzwa ni wa aina ya kasia, wenye kemikali inayoweza kudhuru ini ukila sana kwa muda mrefu. Usivuke nusu kijiko cha chai kwa siku.

Asali ni sukari. Kijiko kimoja cha chakula kina gramu 17 za sukari, zaidi ya kijiko hichohicho cha sukari nyeupe, kwa sababu asali ni nzito zaidi. Tende nazo zihesabu. Mbili tatu wakati wa kufuturu si sawa na sahani nzima.

Kinachoshusha sukari kuliko mitishamba yote hii ni mpangilio wa sahani: nusu iwe mchicha, matembele, kisamvu au bamia; robo samaki, maharage au kunde; robo ya mwisho ndiyo wali au ugali, ukubwa wa ngumi yako. Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe, lakini dona nusu sahani bado ni nyingi. Baada ya kula tembea dakika 15.

Swali: Kwa hiyo sisi watu wa pwani tuache nazi?

Jibu: Hapana. Tui la kwanza ndilo lenye mafuta mengi, aina inayopandisha lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Pikia tui la pili, au kikombe kidogo cha tui zito kwa sufuria ya watu sita badala ya nazi mbili nzima. Wali wa nazi, maharage ya nazi na samaki wa kupaka kwenye mlo mmoja, hapo umezidisha.

Swali: Msimu wa balungi nakula kila siku. Kuna ubaya?

Jibu: Inategemea unameza nini. Balungi, na danzi pia, huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja baadhi ya dawa, hivyo dawa inaingia kwenye damu kwa wingi kuliko alivyokusudia daktari. Kwa nifedipini, dawa ya presha, presha inaweza kushuka mpaka ukapata kizunguzungu na miguu kuvimba. Kwa simvastatini na atovastatini za lehemu, misuli inaweza kuumia. Kula balungi asubuhi na kumeza dawa usiku hakusaidii, maana athari hudumu zaidi ya siku moja. Machungwa matamu ya Muheza na machenza hayana tatizo hilo.

Swali: Baba ana sukari miaka mingi, nyayo zinawaka na kufa ganzi. Ananunuliwa unga wa mlonge.

Jibu: Mlonge ni mboga nzuri, lakini hauna vitamini B12, na huenda hiyo ndiyo inayokosekana. Metformini ikitumiwa miaka mingi hupunguza uwezo wa kufyonza B12, na upungufu wake huleta ganzi inayofanana kabisa na ya kisukari chenyewe. Muulizeni daktari kuhusu kupima. Dagaa, samaki, mayai, maziwa na maini vinayo. Kama imeshuka sana, chakula peke yake hakitoshi, atahitaji vidonge au sindano. Na miguu yake ikaguliwe kila jioni, mpaka katikati ya vidole, kwa kuwa asiyehisi hajui alipojikata.

Swali: Nilinunua unga wa mizizi mnadani kwa ajili ya magoti. Siku ya pili maumivu yakakata. Sasa ni miezi mitatu, uso umekuwa mviringo na sukari imepanda.

Jibu: Mizizi haifanyi kazi kwa kasi hiyo. Dalili zako zinafanana na za mtu anayekula dawa ya jamii ya deksamethasoni (steroidi) bila kujua. Imewahi kukutwa katika nchi nyingi ikiwa imechanganywa kwenye dawa zinazoitwa za asili. Usiache ghafla. Mwili ukishazoea huacha kujitengenezea homoni yake, na kukatisha kunaweza kukuangusha kwa presha ya chini na kutapika. Nenda hospitali leo, chukua mfuko wenye unga uliobaki, upunguziwe kwa utaratibu. Siku nyingine muulize muuzaji usajili wake wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Dawa isiyo na lebo, isiyotaja kilichomo, usiimeze.

Swali: Madafu yanasafisha figo?

Jibu: Kwa mtu mzima wa afya ni kinywaji kizuri. Kwa mwenye figo zilizochoka ni hatari: glasi moja ina potasiamu kama miligramu 600, zaidi ya ndizi moja mbivu, na figo mbovu haziwezi kuitoa. Ikijaa kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo. Anayetumia dawa za presha kama losartani, enalapili au spironolaktoni naye yuko kwenye kundi hilo, kwani dawa hizo hubakiza potasiamu mwilini. Aulize kliniki kabla ya kuyafanya mazoea.

Swali: Vidonda vya tumbo vinanisumbua mwaka wa pili. Juisi ya kabichi na asali havijanisaidia.

Jibu: Visababishi viwili vikubwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori na dawa za maumivu. Bakteria huyo hupimwa kwa choo au pumzi, na huuawa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14 bila kuruka. Wengi hukatisha siku ya tano nafuu ikija, bakteria akabaki na kuwa sugu. Chakula hapa ni cha kupunguza adha tu: acha kinachokuchoma wewe, kula kidogo mara nyingi, usilale kabla ya muda wa saa tatu kupita tangu ule. Ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, nenda hospitali saa hiyohiyo. Ila mtaje mhudumu kama unameza vidonge vya kuongeza damu, maana navyo hugeuza choo kuwa cheusi.