Kitunguu kinatuzidi DNA

Wengi huamini kwamba kiumbe mwenye akili zaidi lazima awe na DNA nyingi zaidi, na kwa hiyo binadamu yuko kileleni. Sivyo kabisa.

Jenomu ya binadamu, yaani seti moja ya maelekezo ya urithi, ina jozi za besi, yaani "herufi" za DNA, takriban bilioni 3.1. (Seli nyingi za mwili hubeba seti mbili, ya baba na ya mama, ndiyo maana wengine hutaja bilioni 6. Wote wako sahihi.) Sasa kachukue kitunguu maji jikoni: kina bilioni 16 hivi. Kamongo naye, yule samaki mwenye mapafu anayeweza kujizika matopeni ziwa likikauka, ana aina moja ya Afrika ambayo jenomu yake ilichapishwa mwaka 2021: bilioni 40!

Mbona hivyo? Kwa sababu urefu wa jenomu si idadi ya jeni, yaani vipande vya DNA vyenye maelekezo. Sisi tuna jeni kama 20,000 zinazotengeneza protini, na sehemu inayobeba maelekezo ya protini hizo haifiki hata asilimia 2 ya DNA yetu. Karibu nusu ya jenomu yetu ni vipande vinavyojirudia, vingi vikiwa mabaki ya vipande vilivyojinakili na kujipachika huku na kule kwa mamilioni ya miaka. Kwa kamongo vimejinakili bila breki. Jenomu yake imenenepa, lakini maelekezo ya protini hayakuongezeka kwa kiasi hicho.