"Yaya, ninaimba lakini moyo ni jiwe"

Mama mmoja wa kwaya alinishika mkono tukitoka ibadani, pale barabarani wanapopita watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, na magunia ya makaa. "Yaya, ninaimba lakini moyo ni jiwe. Pengine sikuokoka." (Yaya kwetu ni dada au kaka mkubwa.) Mama huyo ana zaidi ya miaka ishirini kanisani. Kilio hicho nimekisikia mara nyingi hapa Goma, na kwa kawaida chanzo chake ni fundisho bovu, wala si dhambi iliyofichwa.

Dhana: Mwenye imani ya kweli hana mashaka

Nani kasema? Yohana Mbatizaji ndiye aliyemtambulisha Yesu kwa watu. Alipotiwa gerezani, akatuma wanafunzi kumwuliza kama ndiye, au wamngojee mwingine (Mathayo 11). Yesu hakumkemea. Alimpelekea habari za vipofu wanaoona na viwete wanaotembea, kisha akamsifu mbele ya umati.

John Wesley, ambaye Wamethodisti humhesabu baba yao, alisimulia jinsi moyo wake ulivyopata joto la ajabu mjini London, jioni ya 24 Mei 1738. Januari 1739 akaandika katika shajara yake kwamba yeye si Mkristo. Hata miezi minane haijatimia! Na bado alihubiri zaidi ya miaka hamsini baada ya hapo.

Uhakika unasimama juu ya nini, basi? 1 Yohana 5:13 yasema mambo hayo yameandikwa ili wanaoamini wajue kwamba wana uzima wa milele. Yameandikwa. Moyo uwake Jumapili, upoe Jumanne, andiko liko palepale. (Ndugu zetu Wakatoliki hupenda kuliita tumaini kuliko uhakika, mjadala huo ni wa tangu Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao wa karne ya 16, sitaumaliza mimi.)

Dhana: Shida ni ushahidi kwamba Mungu amekuacha

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji huu, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu halikusazwa. Anayepima imani ya watu kwa njia ya lava ana kazi.

Dhana: Hekima ya Mungu huja kwa nabii, kuuliza watu ni kukosa imani

Hii ndiyo inayoniuma. Kijana ninayemfahamu alikuwa na mtaji mdogo wa kununua maharagwe. Kwenye chumba kimoja cha maombi akaambiwa "neno limetoka", anunue wiki hiyohiyo, na asimwambie mtu. Mama zake wadogo wanauza maharagwe sokoni miaka yote. Wangemwambia mavuno yako njiani na bei itaanguka. Ilianguka.

Yakobo 1:5 inatuambia tuombe hekima, ni kweli. Na Sulemani aliahidiwa yake katika ndoto, sikatai. Lakini tazama alivyoitumia: wale wanawake wawili walipomletea mtoto, aliwasikiliza wote, akarudia maneno ya kila mmoja, ndipo akaagiza upanga (1 Wafalme 3). Mithali nayo haichoki kusifu wingi wa washauri.

Yule mama wa kwaya nilimpa Zaburi ya 88 akasome, ile inayoishia gizani bila hata shukrani moja. Jumapili iliyofuata alinitafuta uani, Biblia ikiwa wazi mkononi. "Yaya, kumbe na hii walikuwa wanaiimba?"