Hesabu Nyingi Hufia Kwenye Kusoma: Kujiandaa kwa Usaili wa Mchujo

Machi 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilifanya usaili wa kuandika kwa nafasi 1,596. Maombi yaliyopokelewa yalizidi 135,000. Kabla hujaguna, weka simu pembeni ugawanye kwa kichwa. Nafasi 1,596 zifanye 1,600. Futa sifuri mbili kila upande, ubaki na 1,350 kugawa kwa 16. Kumi na sita mara themanini ni 1,280. Zimebaki 70, na humo 16 inaingia mara nne na chenji. Watu themanini na wanne kwa kiti kimoja.

Ukiweza kufika hapo ndani ya nusu dakika, sehemu kubwa ya hesabu za mchujo unaziweza tayari. Kinachowaangusha wengi ni kingine. Mimi ni mkufunzi wa stadi za mawasiliano na hesabu chuoni, na kila matangazo ya kazi yanapotoka napokea vijana wenye vyeti safi, wote na wimbo mmoja: "Mwalimu, hesabu zinanishinda." Nawapa karatasi, wanakosa. Kisha nawasomea swali lilelile kwa sauti, polepole, bila kuongeza neno, na wengi wanalipata papo hapo. Hakuna nilichowafundisha hapo katikati. Ni kwamba mara ya kwanza walikimbilia namba wakaruka maneno.

Kwa asiyejua utaratibu: tangu Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002 irekebishwe kwa Sheria Na. 18 ya 2007, ajira za waajiri wengi wa serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Unaomba kwenye Ajira Portal, mfumo wake wa maombi mtandaoni, ukiitwa unaanza na mchujo wa kuandika, baadhi ya kada zinaongezewa vitendo, ndipo mahojiano. Mchujo hupima taaluma yako, lakini maswali ya ufahamu na hesabu za kawaida hujitokeza humo, wazi wazi au yamevaa nguo za taaluma. Mhasibu huulizwa asilimia, afisa ugavi huulizwa uwiano, afisa utumishi hupewa kifungu cha kanuni aseme kinaruhusu nini.

Tuchukue kifungu cha namna hiyo. Nimekitunga mwenyewe kwa ajili ya darasa, usikitumie kudai posho:

"Mtumishi anayesafiri kikazi nje ya kituo chake atalipwa posho ya kujikimu kwa kila usiku atakaolala safarini, isipokuwa kama mwenyeji wake amegharimia chakula na malazi. Pale mwenyeji anapogharimia malazi pekee, mtumishi atalipwa nusu ya posho. Madai yote yawasilishwe ndani ya siku 14 tangu mtumishi arejee kituoni."

Swali la kwanza: Mtumishi aliondoka Morogoro Jumatatu asubuhi kwenda Iringa, akarudi Alhamisi jioni. Usiku wa kwanza mwenyeji alimlipia malazi pekee. Posho kamili ni shilingi 100,000 kwa usiku mmoja. Atalipwa kiasi gani?

Jibu ni 250,000. Kifungu kinahesabu usiku, na kati ya Jumatatu na Alhamisi kuna usiku tatu: wa Jumatatu, wa Jumanne na wa Jumatano. Wa kwanza ni nusu, 50,000, na miwili iliyobaki ni 200,000. Anayehesabu siku nne hupata 350,000. Anayesoma "mwenyeji" akaruka neno "pekee" humnyima mtumishi usiku wa kwanza wote, akapata 200,000. Asiyemwona mwenyeji kabisa hupata 300,000. Namba zote hizo tatu ukiwa mtunzi wa swali unaziweka kwenye machaguo, na ndiyo maana msailiwa hufurahi kuona jibu lake limo. Kuliona jibu lako kwenye machaguo hakukuhakikishii chochote. Mtunzi alishakosea kabla yako, makusudi, na akakuwekea kosa hilo mezani.

Swali la pili lina machaguo matatu, Kweli, Si kweli, na Haiwezi kujulikana: "Mtumishi akiwasilisha madai siku ya 20 baada ya kurejea, hatalipwa." Hapa darasa zima hujibu Kweli, na waliowahi kufanya kazi ofisini ndio huwa na uhakika zaidi, kwa kuwa wanamjua mhasibu wao. Rudi kwenye kifungu. Kimesema madai yawasilishwe ndani ya siku 14. Kimesema anayechelewa anafanywa nini? Hakijasema. Anaweza kunyimwa, anaweza kuonywa, anaweza kulipwa kwa kibali. Jibu ni Haiwezi kujulikana. Aina hii ya swali inapima jambo moja tu, kama unaweza kuutenga ujuzi wako wa dunia na kile kilichoandikwa mbele yako. Ni ngumu kuliko inavyoonekana, na ukiizoea utaanza kuona watu wanavyobishana kwenye daladala juu ya mambo ambayo habari yenyewe haikuyasema.

Namna ninayowafundisha kusoma ni hii. Anza na swali kabla ya kifungu, ujue unatafuta nini. Kisha soma kifungu ukiwa na penseli, upigie mstari maneno madogo: isipokuwa, pekee, angalau, zisizidi, kabla ya, endapo, au. Maneno hayo huonekana madogo kwenye ukurasa, kumbe ndiyo yanayobeba sharti. "Angalau watatu" humaanisha watatu na kuendelea. "Wasizidi watatu" humaanisha watatu na kushuka. Na nimeona mtu mwenye shahada akiyabadilishana kwa sababu jicho lilikuwa kwenye tarakimu 3. Mtihani ukifanyika kwenye kompyuta hakuna pa kupigia mstari, basi andika neno hilo kwenye karatasi ya rafu ukipewa, au lisome tena moyoni kabla ya kubofya.

Kuna suala la lugha, na tuliseme bila kuona haya. Maswali mengi ya kada za kitaalamu huja kwa Kiingereza, na wengi wetu tunafikiri kwa Kiswahili. Kujifanya hujui hivyo ni kupoteza muda. Kila siku chukua aya moja ya Kiingereza cha ofisi, kwa mfano kwenye ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali zinazotolewa kila mwaka, isome mara moja, funga, kisha iseme kwa Kiswahili kwa sentensi moja kama unavyomsimulia mama yako. Sentensi ikigoma, hukuielewa aya, hata kama ulilijua kila neno. Dakika kumi kwa siku zinatosha. Baada ya mwezi utashangaa.

Sasa hesabu. Mei Mosi 2025 serikali ilitangaza kupandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Imepanda kwa asilimia ngapi? Machaguo: 26, 35.1, 74, 135.1.

Ongezeko ni 130,000, na swali lote limelala kwenye neno "kutoka". Asilimia ya ongezeko hupimwa kwa kiasi cha awali, hivyo 130,000 inagawanywa kwa 370,000. Anayegawa kwa 500,000 hupata 26. Anayegawa 370,000 kwa 500,000 hupata 74. Anayegawa mpya kwa ya zamani hupata 135.1, akasahau kutoa 100. Bila kikokotoo unafika hivi: asilimia 10 ya 370,000 ni 37,000, kwa hiyo asilimia 30 ni 111,000. Kufika 130,000 zimebaki 19,000, ambazo ni nusu ya 37,000 na ziada ndogo, yaani asilimia 5 na kidogo. Jumla ni 35 na kidogo. Machaguo mengine matatu yako mbali, huna haja ya kuitafuta hiyo pointi moja.

Jiulize pia lililo kinyume: mshahara ukishuka kutoka 500,000 kurudi 370,000, umeshuka kwa asilimia ngapi? Hapo ndipo 26 inakuwa sahihi. Kilichopanda kwa asilimia 35.1 kimerudi kilipokuwa kwa kushuka asilimia 26, na anayeelewa kwa nini hahitaji kanuni nyingine ya asilimia maishani.

Mfano wa sensa ninaupenda zaidi, kwa sababu unawatoa watu jasho. Mwaka 2012 Tanzania ilihesabiwa watu 44,928,923, na mwaka 2022 watu 61,741,120. Takwimu rasmi zinasema ongezeko ni wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kumi mara 3.2 ni 32. Lakini ukigawa ongezeko lote, karibu milioni 16.8, kwa milioni 44.9, unapata asilimia 37. Nani kakosea? Hakuna. Asilimia 3.2 ya mwaka wa pili inahesabiwa juu ya watu waliokwisha kuongezeka mwaka wa kwanza, na ya mwaka wa tatu juu ya wote hao. Aliyewahi kukopa kwa riba juu ya riba analijua jambo hili mwilini, ila hajawahi kuliita hesabu.

Saa nazo zina mtego wa kwetu peke yetu. Basi linaondoka saa 2:45 asubuhi na kufika saa 9:10 alasiri. Wapo wanaotoa 2.45 kwenye 9.10 kama pesa, wakapata 6.65, halafu wakaiandika saa 6 na dakika 65 bila kustuka. Saa moja ina dakika 60, si 100. Panda ngazi: 2:45 hadi 3:00 ni dakika 15, 3:00 hadi 9:00 ni saa 6, kisha dakika 10. Jibu ni saa 6 na dakika 25. Swali likitumia saa za jeshi, 08:45 na 15:10, jibu ni lilelile. Ila usichanganye mfumo mmoja na mwingine katikati ya swali, na uwe macho pale saa inapovuka 12: kutoka saa 11:30 jioni hadi saa 1:15 usiku ni saa moja na dakika 45, na mtu akitoa namba hizo kavukavu atajikuta amefika kabla ya kuondoka.

Wastani wa mwendo nautaja kwa kifupi, maana huulizwa sana. Kilomita 120 kwenda kwa mwendo wa 60 kwa saa, kurudi kwa mwendo wa 40. Wastani si 50. Kwenda ni saa 2, kurudi ni saa 3, kilomita 240 kwa saa 5, yaani 48. Jumla ya umbali kwa jumla ya muda, basi.

Kuhusu maswali ya miaka iliyopita yanayouzwa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, mengi niliyoonyeshwa yalikuwa na majibu yaliyokosewa, na mtu akayakariri pamoja na makosa yake. Maswali ya zamani yanafaa kama mazoezi ya kasi. Hayafai kukaririwa, kwa sababu namba zikibadilishwa kidogo aliyekariri anabaki mikono mitupu. Fedha hiyo kanunue daftari.

Daftari hilo liwe la makosa tu. Kila swali ulilokosa liandike, na pembeni weka herufi: S kama hukulisoma vizuri, N kama hukujua njia, K kama njia uliijua ukakosea kukokotoa. Kijana mmoja niliyemfundisha alikuja akiwa na uhakika kwamba tatizo lake ni sehemu na uwiano. Baada ya wiki mbili tulifungua daftari lake, zaidi ya nusu ya ukurasa ilikuwa S. Alikaa kimya, akasema, "Kumbe huwa sisomi." Tukaacha kabisa mazoezi ya sehemu, tukahamia kwenye kusoma, na alama zake za hesabu zikapanda.

Muda nao ufanyie mazoezi ukiwa bado nyumbani. Tuseme una maswali 40 kwa saa moja, ni dakika moja na nusu kwa swali. Pita mara ya kwanza ukijibu unayoyaona mara moja, yanayokushika yaache, urudi. Mtu anayeng'ang'ania swali la saba kwa dakika sita ameyauza maswali manne kwa bei ya moja. Fanya zoezi kamili angalau mara mbili kwa wiki, mezani, simu imezimwa, bila kikokotoo hata kama tangazo litakiruhusu.

Na tangazo lenyewe ndilo jaribio lako la kwanza la ufahamu. Humo mna aina ya kitambulisho kinachokubalika, vyeti halisi vinavyotakiwa, onyo kwamba hati za matokeo za muda hazipokelewi, kituo na saa. Kila msimu wapo wanaorudishwa getini na karatasi ambayo tangazo lilishaikataa kwa herufi kubwa.

Nakuachia moja la leo. Risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, inaonyesha umelipa jumla ya shilingi 59,000, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikiwa ndani. Kodi ni kiasi gani? Ukipata 10,620, rudi kwenye swali la mshahara, uangalie tena asilimia hupimwa kwa kiasi kipi. Ukipata 9,000, iandike hata hivyo kwenye daftari, pamoja na muda uliotumia.