Kwa nini Wajapani hujenga upya hekalu la Ise kila baada ya miaka 20?

Jibu linalozunguka ni fupi: ni jengo la mbao, mbao huoza, basi hujengwa jingine. Lina chembe ya ukweli, ila limeweka mkia mahali pa kichwa.

Ise iko mkoa wa Mie, kusini mwa Nagoya. Ni hekalu la dini ya Shinto lenye sehemu kuu mbili. Naiku ni la Amaterasu, mungu wa kike wa jua, ambaye ukoo wa kifalme wa Japani hudai kutokana naye. Geku ni la Toyouke, mungu wa chakula. Naiku ndimo kinamotunzwa kioo ambacho, kwa mujibu wa visasili, kilitumika kumvuta Amaterasu atoke pangoni alikojifungia kwa hasira na kuiacha dunia gizani. Wageni hawakioni, hata jengo lenyewe limezungushiwa nyua nne, na mtu huambulia kilele cha paa tu. Ujenzi wa kwanza wa zamu ulifanyika mwaka 690, chini ya mtawala mwanamke Jito. Wa 62 ulikuwa 2013.

Sasa turudi kwenye kuoza. Mti unaotumika ni hinoki, wa jamii ya saipresi. Katika mkoa wa Nara lipo hekalu la Kibuddha la Horyuji, nalo ni la hinoki, na limesimama kwa takriban miaka 1,300. Mti ni uleule, nchi ni ileile. Tofauti iko miguuni: nguzo za Horyuji zimekaa juu ya mawe, za Ise zimezikwa ardhini.

Chimbua nguzo kuukuu ya uzio uitazame. Juu, penye upepo, ni kavu na ngumu. Chini kabisa mara nyingi bado ina uhai. Iliyolika ni shingo, pale inapoingia udongoni. Kuvu wanaokula mbao wanahitaji unyevu na oksijeni kwa pamoja: juu kuna hewa lakini maji ni haba, chini kabisa kuna maji lakini hewa ni chache, na usawa wa ardhi una vyote viwili. Mvua hulowesha, jua hukausha kidogo, mvua hurudi. Unene wa nguzo huchelewesha kuoza tu.

Ushahidi mzuri kuliko wote umo Horyuji kwenyewe. Mnara wa hekalu hilo una mhimili wa katikati ambao, tofauti na nguzo nyingine, ulizikwa. Mwaka 1926 mafundi walikuta shimo tupu chini yake: sehemu iliyozikwa ilikuwa imeoza ikaisha, na mnara ulikuwa bado umesimama.

Huenda mtu akasema watu wa Ise hawakujua mbinu ya mawe. Walijua. Hekalu la Asukadera, lililoanza kujengwa mwaka 588, lilisimamishwa juu ya misingi ya mawe na mafundi kutoka Korea, karne nzima kabla ya 690. Ise walikuwa na njia ya kudumu mbele yao wakashika ya kizamani: nguzo udongoni, paa la nyasi, mbao bila rangi. Kwa hiyo kuoza hakukuwalazimisha. Walichagua jengo litakalohitaji kurudiwa.

Hata hivyo mbao zenyewe hazitupwi baada ya miaka 20. Nguzo mbili zinazobeba mwamba wa paa la Naiku huchongwa upya na kuwa lango la ndani la Uji, daraja la kuingilia Naiku; za Geku huwa lango la nje. Baada ya miaka mingine 20 hupelekwa miji ya Seki na Kuwana, zikasimame tena kama malango.

Kwa nini basi 20, si 30? Hapa ushahidi ni mwembamba. Engishiki, kanuni za serikali ya kifalme za mwaka 927, zinataja muda bila kutoa sababu. Wapo wanaosema ni umri wa paa la nyasi, wengine kwamba fundi hujifunza zamu moja na kuongoza inayofuata, wengine ni hesabu ya kalenda, maana zamani zamu ilikuja kila miaka 19. Wala mfululizo haukuwa kamili: vita vilisimamisha ujenzi wa Naiku kuanzia 1462 hadi 1585, kwa hiyo anayesema umbo halijabadilika tangu 690 anasema zaidi ya tunachoweza kuthibitisha.

Kazi huchukua miaka minane. Mti wa kwanza hukatwa kwa mashoka kutoka pande tatu hadi shina libaki limeshikiliwa na vipande vitatu vyembamba. Kimoja kikikatwa, huanguka upande uliokusudiwa bila kupasuka. Magogo hulowekwa bwawani kwa miaka kadhaa ili yasipinde wala kupasuka yakikauka. Jengo jipya husimamishwa kwenye kiwanja cha jirani kilichoachwa wazi, na mungu huhamishwa usiku.

Shida ya kweli ni miti. Zamu moja hula magogo takriban 10,000, na msitu wa Ise uliisha karne nyingi zilizopita, hivyo mengi hutoka milima ya Kiso, katikati ya Japani. Mwaka 1923 hekalu lilianza mpango wa miaka 200 wa kupanda hinoki zake. Miti inayotarajiwa kufikia unene wa mita moja hupakwa mistari miwili myeupe shinani. Zamu ijayo ni 2033, na mti wake wa kwanza ulikatwa Kiso Juni 2025.