Roho kabla ya kuzaliwa: yanayosemwa na yaliyoandikwa

Dhana: Mwaka 553 Kanisa lilifuta kwenye Biblia fundisho la roho kuzaliwa upya katika mwili mwingine.

Dai hili husambazwa sana mitandaoni, nalo linachanganya mambo mawili. Kusema roho zilikuwapo kabla ya miili ni imani moja. Kusema roho ya marehemu hurudi katika mwili mwingine ni nyingine kabisa. Origen wa Aleksandria, mwanateolojia wa karne ya 3 anayetajwa kila mara katika kisa hiki, alizitenganisha yeye mwenyewe. Alidhani roho ziliumbwa kwanza, upendo wao kwa Mungu ukapoa, ndipo zikavikwa miili. Lakini alipofafanua Injili ya Mathayo, alikataa waziwazi kwamba roho ya Eliya ilihamia kwa Yohana Mbatizaji, akasema fundisho hilo ni geni kwa Kanisa.

Laana 15 dhidi ya mafundisho yaliyohusishwa naye zinatajwa pamoja na Mtaguso wa Pili wa Konstantinopoli, mkutano wa maaskofu wa mwaka huo wa 553, na ya kwanza inagusa kuwapo kwa roho kabla ya mwili. Wanahistoria wanabishana kama zilipitishwa katika vikao rasmi au maaskofu walizikubali kabla ya kikao cha kwanza. Biblia haikuguswa. Nakala za Kigiriki za Biblia ziitwazo Sinaiticus na Vaticanus ziliandikwa karne ya 4, zipo hadi leo, na kurasa zake zimewekwa mtandaoni. Anayedai kuna kilichofutwa na azifungue, aonyeshe mahali.

Dhana: Yeremia 1:5 inamaliza ubishi kama roho zilikuwapo kabla ya kuzaliwa.

"Kabla sijakuumba katika tumbo nalikujua." Anayejua hapo ni Mungu, aya haisemi Yeremia alikuwa wapi. Wamormoni huisoma kama ushahidi wa maisha kabla ya kuzaliwa, lakini wao wana maandiko mengine yanayoifundisha imani hiyo.

Dhana: Waislamu wote wana jibu moja kwa swali hilo.

Katika sura ya Kurani ya Al-A'raf, aya ya 172, wanadamu wanaulizwa kama Mwenyezi Mungu si Mola wao, nao wanashuhudia; ushuhuda huo huitwa agano. Mwanazuoni Ibn Hazm alishikilia kwamba roho ziliumbwa kabla ya miili. Mwanazuoni mwingine, Ibn al-Qayyim, alipinga, akaona agano hilo ni maumbile ya asili aliyozaliwa nayo kila mtu. Mwanafalsafa Ibn Sina alipita njia ya falsafa: nafsi nyingi zisizo na miili zingetofautianaje? Kwake nafsi huanza pamoja na mwili, ila haifi nao.