Kwa nini majibu ya homa ya ini yanauma wakati ini lenyewe haliumi?

Mtu akikutia uchungu, Waswahili husema amekukata maini. Mchuuzi wa samaki wa Mikindani aliyekwenda kumtolea damu dada yake aliyeko leba, kisha akaitwa pembeni na kuambiwa damu yake ina virusi vya homa ya ini B, anaujua msemo huo kuliko mtunga kamusi. Alfajiri alibeba tenga la vibua, hakuchoka. Haumwi popote. Sasa kinachomuuma ni nini?

Nyama ya ini haina neva za maumivu. Ziko kwenye utando unaolifunika. Kwa hiyo virusi vinaweza kukaa humo miaka 20 mwenyewe asijue. Majibu yakija, huyasikia kama habari za mtu mwingine: labda wamechanganya chupa za damu. Jina nalo halisaidii. Huku kwetu ukitamka "virusi", watu husikia UKIMWI, hata daktari ataje ini mara tatu. Yote yanayofuata hayaingii kichwani (afadhali majibu uyafuate na nduguyo).

Ila kwa maoni yangu kinachokata zaidi ni swali linalomngoja nyumbani: "Umeutoa wapi?" Mke anamtazama mume, mama mkwe anakohoa, na jirani keshamjua mchawi. Kumbe mara nyingi swali hilo halina wa kulijibu. Mtu mzima akiambukizwa homa ya ini B, kinga ya mwili huvishinda virusi kwa watu kama 95 katika 100. Kwa kichanga ni kinyume: kama 9 katika 10 hubaki navyo. Ndiyo maana Afrika wengi wenye maambukizi sugu waliyapata walipozaliwa au wakiwa wadogo, kabla hata hawajajua ndoa ni nini. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wote mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo hakuikuta chanjo hiyo.

Wengine hujitenga kabla ya kutengwa. Sinia la wali likiwekwa mkekani, yeye anaomba sahani yake, anasingizia tumbo. Sinia halina kosa. Virusi hivi hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Cha kutoshirikiana ni wembe na mswaki. Wa nyumbani wapimwe, na wasio navyo wachanjwe.

Kisha kuna kungoja. Maambukizi huitwa sugu yakipita miezi sita bila kutoka, na si kila mwenye nayo huanzishiwa dawa. Anayeanzishiwa kwa kawaida humeza kidonge kimoja cha tenofovir kila siku. Mkulima wa Newala aliyepewa majibu msimu wa kupulizia mikorosho salfa ataijua hali yake korosho zikiwa mnadani. Katikati hapo anapalilia, anaokota, anapima kilo, na kila akishikwa na uchovu anajiuliza ni jua au ni ini.